Mheshimiwa Achagua Kiti

Hotuba ya New York Mheshimiwa hajaigusa, ila ramani ya viti vya daraja la biashara anaijua kama anavyoijua posho yake. Na ni elimu kweli, tusimdharau. Mstari wa mbele mara nyingi una nafasi kubwa ya miguu, lakini ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga, na mtoto hajui itifaki. Wa nyuma hupakana na jiko: vijiko vitagongana usiku kucha, na harufu ya kahawa itamwamsha Atlantiki ikiwa bado chini yake. Dirishani ni pazuri, isipokuwa kwenye Dreamliner za Kenya Airways, ambako viti vya daraja hilo vimepangwa viwili viwili. Wa dirishani akibanwa na haja, sharti aivuke miguu ya jirani aliyejinyoosha. Waziri kumruka katibu mkuu wake saa nane za usiku, suruali imekunjwa, soksi za bure za ndege mguuni! Kanuni za utumishi hazikuliwaza hilo.

Kwa hiyo moyo umehamia Qatar Airways, waliotia milango kwenye viti vyao mwaka 2017. Baadhi ya viti hivyo vinatazama mkia wa ndege, na ndivyo alivyovipenda zaidi. Kujifungia chumbani na kwenda kinyumenyume kwa starehe ni kazi aliyoizoea ofisini.

Bei hajauliza. Tiketi inatoka fungu la kupunguza umaskini.