Ainisho la Wasafiri wa Guangzhou kwa Kigezo cha Bando

Wataalamu waliotutangulia waliwagawa wafanyabiashara wa Kariakoo waendao Guangzhou kwa uzito wa mizigo wanayorudi nayo. Kigezo hicho hakifai, kwa kuwa mizigo huonekana mwisho wa safari. Sisi tunapendekeza kigezo kinachojidhihirisha dakika ya kwanza, mlangoni mwa ndege pale uwanja wa Baiyun, Guangzhou: bando la msafiri linatoka wapi?

1. Mromingi Asiyejijua

Hutua na laini ya nyumbani, romingi ya data ikiwa imewashwa. Chakula chake ni salio. Simu yake husasisha programu na kupandisha picha mtandaoni bila kutumwa na mtu, na salio hukata roho kabla begi halijatokea kwenye mkanda. Kwa sababu ya uhai wake mfupi, ni vigumu kumchunguza.

2. Mng'ang'ania Waifai

Makazi yake ni mapokezi ya hoteli, hasa karibu na soketi. Mawimbi yamejaa, lakini WhatsApp na Google zimefungwa nchini China, na waifai ya hoteli hufuata sheria za nchi. Kiumbe huyu ana intaneti tele, ila hana wa kuzungumza naye.

3. Mchokoa Tundu

Hutambulika kwa pini, au hereni ya mkewe, anayofungulia kijisahani cha laini. Hununua laini ya kule kwa pasipoti na, tangu Desemba 2019, kwa kupigwa picha ya uso. Hapo anaweza kumpigia simu mwenye ghala. WhatsApp bado haifunguki, na benki yake ya Dar inatuma namba ya siri kwenye laini ya nyumbani, kiplastiki cha milimita 12.3 kwa 8.8 kilichopotelea kati ya sarafu.

4. Mwana-eSIM

Laini yake haishikiki. Chipu imefungwa ndani ya simu tangu kiwandani. Kinachonunuliwa ni taarifa za mtandao, zinazopakuliwa kwa msimbo wa QR. Kanuni za teknolojia hii kwa simu za kawaida zilitolewa na GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, mwaka 2016, na iPhone ikaipokea mwaka 2018. eSIM nyingi za wasafiri hupitisha data nje ya China bara, ndiyo maana WhatsApp hufunguka. Laini ya nyumbani nayo hubaki mahali pake ikipokea ujumbe wa benki. Kundi hili lina vijikundi vitatu.

*(a) Mtangulizi.* Hupakua akiwa Dar, kwenye waifai ya uhakika. Akitua, huzima romingi ya laini ya nyumbani na kuiwasha ya eSIM. Zingatia: swichi ileile iliyomuua Mromingi ndiyo inayompa huyu uhai.

*(b) Mchelewaji.* Hukumbuka akiwa kwenye foleni ya uhamiaji, ambako hugundua kuwa intaneti hupakuliwa kwa intaneti. Zaidi ya hayo, msimbo umo ndani ya simu ileile inayotakiwa kuupiga picha.

*(c) Mwenye Simu ya Kulekule.* Alinunua iPhone China bara safari iliyopita, akafurahia nafasi mbili za laini. iPhone nyingi zilizouzwa huko hazina eSIM kabisa. Angebonyeza *#06# kabla ya kulipia bando, angeona kama namba ya EID, kitambulisho cha chipu ya eSIM chenye tarakimu 32, ipo au haipo.

Mjadala

Hata Mtangulizi si kiumbe kamili. eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu, hazina namba. Atatuma Dar picha ya kontena zima, lakini dereva wa teksi hatampata kwa simu.

Hitimisho

eSIM haikufuta usumbufu. Iliuhamisha kutoka ugenini hadi nyumbani, ambako msafiri ana shughuli nyingine zote isipokuwa hiyo. Kwa hiyo makundi haya si ya kuzaliwa nayo. Mtu yuleyule huwa Mtangulizi mwezi Machi na Mchelewaji mwezi Juni, na kinachomhamisha ni nusu saa aliyoitenga, au aliyoshindwa kuitenga, kabla ya kuelekea uwanja wa ndege wa Nyerere.