Ufundi ni Mzuri, kwa Mtoto wa Jirani

Nyie, mmewahi kumsikia mzazi akijitapa harusini kwamba mwanawe anasomea uchomeleaji? Mfyuu! Wa sheria atatangazwa, wa udaktari ndiyo usiseme. Huyu mwingine utaambiwa, "Yupo yupo tu, kapata kachuo huko."

Halafu mkutanoni ufundi ukisifiwa, makofi. Tangu 2024 sekondari zetu zina njia mbili, elimu ya jumla na mkondo wa amali. Mtoto anashika ufundi, kilimo, michezo au hoteli tangu kidato cha kwanza, na akimaliza cha nne anatakiwa atoke na vyeti viwili, cha NECTA na cha fani yake. Ni jambo jema, sikatai. Ila wazee wa kijiwe wanaguna, kwani wao waliipita njia hiyo miaka ya sabini: mchepuo wa kilimo, wa biashara, wa ufundi, wa sayansikimu. Kulikuwa na shule za ufundi za Ifunda, Moshi, Tanga. Mpaka leo ukikutana na fundi umeme mwenye mvi anayesoma mchoro bila kukuna kichwa, muulize kasoma wapi. Baadaye vifaa vikachakaa, walimu wakastaafu, karakana ikawa stoo ya madawati mabovu.

Sasa kila utepe ukikatwa tunaambiwa udahili wa ufundi umepanda. Ujenzi wa vyuo vya VETA 64 vya wilaya huo tunauona. Lakini hebu tuulizane, anayeingia mle ni nani? Kapata ziro, mpeleke VETA. Na siku hizi yumo mwenye digrii aliyechoka kuzungusha bahasha. Hao nao wanahesabiwa waliopenda ufundi! Aka.

Fundi wa gereji hapo ng'ambo, anayefungua injini huku anaongea na simu, kila mwaka anapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Anasema wengine hawajawahi kukaza hata boliti, ubaoni tu ndiko walikoiona. Muulize mwanawe yuko wapi. "Kidato cha tano, HKL." Kimya kikapita, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tusimcheke peke yake, maana hata hazina ilifanya vilevile. Waajiri hukatwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Kwa miaka mingi VETA ilikuwa inaambulia theluthi moja tu, zilizobaki zinakwenda kwenye mikopo ya vyuo vikuu. Jina la fundi ndilo linalochangisha, anayekula ni msomi. Haya.

Na kasheshe yenyewe haijafika. Elimu ya msingi inashuka hadi miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja. Januari 2028 wanabisha hodi kidato cha kwanza, mikupuo miwili mlango mmoja. Karakana haijengwi kama darasa, bwana, ukaweka benchi ukamaliza. Inataka mashine, umeme wa uhakika, nondo za kuharibu na mwalimu aliyewahi kuungua vidole. Nafasi za jumla zikijaa, wa ziada watasukumwa amali, na takwimu zitapaa kweli kweli. Wa kwetu hapa kijiweni wameshaanza kuulizia shule binafsi.