Mtoto wa Ziwa

Kosa lilianzia mdomoni. Tulikuwa kwenye sherehe ya ubatizo mjini Minneapolis, kila mtu na sahani ya pilau magotini, pale Mzee mmoja Mmarekani, jirani wa shemeji yangu, alipouliza kama kuna anayependa kuvua. Ningeendelea kutafuna tu. Badala yake nikafuta mikono, nikakohoa kidogo, nikatangaza kwamba mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria, na kwamba samaki niliwajua kabla sijajua kusoma.

Sikusema kuwa baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na samaki wote niliowajua walikuwa wameshafika sufuriani.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mtu wa Dodoma. Utotoni alichunga mbuzi, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona enzi hizo ni ya lambo la kijiji. Yeye alisema atakuja kubeba vyakula.

Basi Jumamosi moja mwanzoni mwa Julai tukaamka saa tisa usiku, tukaendesha saa mbili hivi kuelekea kaskazini mpaka Ziwa Mille Lacs. Samaki anayetafutwa huko anaitwa walleye. Shemeji alijaribu jina hilo mara mbili, akaishia kwenye “wolai”, nasi tukabaki na wolai. Ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965, na pale Garrison, kando ya ziwa, wamemjengea sanamu. Moyo ukatulia. Nikakumbuka kipilefti cha samaki pale Mwanza, nikajiona nimefika kwa ndugu.

“Hili ndilo ziwa?” nikauliza tulipofika gatini. “Kwetu tungeliita bwawa.”

Mzee hakucheka. Baadaye kidogo nilitafuta kwenye simu ya Shemeji nikakuta lina karibu kilomita za mraba 535, yaani ukikiinua kisiwa cha Ukerewe chote ukakitia mle ndani, litajaa pomoni. Kina chake hakizidi mita 13 au 14. Hilo la kina nililipuuza. Ziwa lenye maji machache chini halihitaji upepo mwingi kukasirika, ila asubuhi ile lilikuwa limetulia kama uji uliopoa, nami nikamsifu Mungu kwa sauti.

Mzee akanitazama kama mtu aliyeshangilia msibani. Wolai, akaeleza, ana ngozi ing'aayo nyuma ya jicho, kama paka, inayokusanya mwanga hafifu. Gizani yeye ndiye mfalme. Jua kali likipenya maji matulivu humuudhi, hushuka chini akajinunia. Mvuvi wa wolai huomba mawimbi, maana mawimbi huvunja mwanga na kuchafua maji, naye hutoka kula akiwa haonekani. Kwetu mtu akiomba mawimbi ataombewa yeye.

Kisha akafungua kopo la chambo. Nilitegemea dagaa. Ndani walikuwemo ruba, weusi, wanajikunja na kujikunjua kama wino ulio hai. Tunasema mtu kaganda kama ruba, lakini wengi tunaosema hivyo hatujawahi kugandwa. Nilimshika mmoja, akanishika yeye. Nilipomvuta kwa mkono wa kulia akahamia mkono wa kulia. Nikakung'uta, nikaruka, mashua ikayumba, thermosi ya kahawa ikaenda majini. Mzee akasema kwa upole kwamba aina ile hainyonyi damu ya mtu, hushikilia tu. Angesema kabla ya kahawa kuzama.

Mtego wenyewe ni wa akili. Mshipi unapita katika tundu la chubwi, ili chubwi liteleze lenyewe. Mbele yake kuna kama mita moja na nusu ya mshipi mwembamba, halafu ndoana ndogo na ruba wake. Wolai akidaka, mvuvi hafanyi kitu. Anaachia mshipi utoke. Samaki anaondoka na chakula chake bila kuhisi uzito wowote, maana chubwi limebaki chini. Unahesabu mpaka kumi, unakaza taratibu, ndipo unamnasa.

Mimi sikufika tatu. Kila nilipohisi kadonyo nilivuta kwa nguvu za mtu anayetoa ndoo kisimani. Nilivuta ndoana tupu, nikavuta nusu ya ruba, nikavuta kofia ya Mzee. “Muache ale,” akasema. Mara ya sita hakusema tena.

Tena tulikuwa tumefika siku za wadudu. Mwanzoni mwa kiangazi nzi wa ziwani hutoka matopeni kwa mamilioni, wakapanda juu kuoana, na wengi hufa ndani ya siku moja au mbili. Wolai huwala wakiwa njiani wanapanda, akashiba, akaidharau ndoana yako. Hapo nilipata la kuchangia: nikaeleza jinsi wadudu wa Ziwa Victoria wanavyoinuka kama moshi wa kijiji kinachoungua, na kwamba wako watu kando ya ziwa wanaowakusanya wakawakanda wakawa chakula. Mzee alisikiliza, akafunga mfuko wa mikate, akausogeza upande wake.

Shemeji kwa wakati huo alikuwa amelala. Alikuwa amepewa fimbo ya watoto: chini kuna chubwi lenye waya mrefu uliopinda, linalotembea likigonga sakafu ya ziwa, nyuma yake kibati kinachozunguka kikimetameta, na mwisho kabisa nyungunyungu mnene. Mashua inakwenda polepole kuliko mtu anayetoka kanisani, na fimbo inachomekwa kwenye kishikio ubavuni. Haishikwi. Samaki anajivuta mwenyewe.

Ndivyo samaki walivyofanya. Fimbo ikapinda, Shemeji akaamka, akazungusha rili huku anapiga miayo. Wolai! Rangi ya dhahabu iliyochakaa, meno kama ya mbwa, na ncha nyeupe chini ya mkia kana kwamba alichovya kwenye chokaa. Kufika saa saba alikuwa amepandisha watano, na kwa kila mmoja alinigeukia: “Shemeji, huyu ndiye mwenyewe, au?”

Saa tisa upepo ukaja. Mzee akafurahi kama aliyelipwa deni. Mimi nikagundua maana ya ile habari ya kina. Mawimbi yalikuwa mafupi na ya karibu karibu, mashua ikawa inapanda na kushuka kama cherehani. Mtoto wa ziwa nikainama ubavuni, nikarudisha mikate, mayai na heshima.

Shemeji akanishika mgongo. “Pole sana, Shemeji. Kumbe kwenu Ukerewe chambo mnatupa hivi?”

Jioni Mzee alitupeleka kwenye kingo za mwamba, maji ya mita tatu. Akanifungia kiboya, ruba akaninginia chini yake. Jua lilipogusa miti, kiboya kikazama kimya kimya. Safari hii nilihesabu. Nilihesabu mpaka kumi na tano, nikakaza kama ninayemwamsha mtoto, na yule pale! Mzito, anatikisa kichwa chini huko. Mzee alipommulika, jicho likawaka kama taa ya gari iliyo mbali. Nililia kidogo, nasema ni upepo.

Mzee akatoa rula. Mille Lacs ina vipimo vyake, tena hubadilika karibu kila mwaka; samaki wa kuondoka naye ni wa urefu ulioruhusiwa tu. Wangu alikuwa amezidi kwa upana wa kidole. Nikamrudisha mwenyewe kwa mikono miwili. Hata picha hatukupiga, maana simu ya Shemeji ilikuwa imeisha chaji kwa kupiga picha za samaki wake.

Alichaji garini. Saa nne usiku, Dodoma kunakaribia kucha, akampigia mama yake, yaani mama mkwe wangu, akamsimulia kwa Kigogo, lugha nisiyoijua mpaka leo. Katika dakika ishirini nilishika neno moja, “Ukerewe”, alilitaja mara tatu. Kila mara kikafuata kicheko cha mama mkwe, kirefu, mpaka nikamsikia anaomba maji.