Jinsi ya Kuishi Bayreuth Bila Kulala Njaa Jumapili

Nunua chakula Jumamosi. Hiyo ndiyo amri ya kwanza ya mji huu wa Bavaria, Ujerumani, wenye watu zaidi ya 70,000, na amri nyingine zote zinasubiri nyuma yake. Hapa hakuna Mangi mwenye duka la mtaani wa kugongewa dirisha usiku. Siku za kazi maduka hufungwa saa mbili usiku, na Jumapili sheria huyafunga kutwa. Watakaokuokoa ni wauza mikate, kwa saa chache za asubuhi. Amka mapema, mgeni!

Kisha jifunze takataka kwa bidii ya mtu anayengojea mtihani wa kidato cha nne. Karatasi kivyake, maganda ya viazi kivyake, plastiki kivyake. Chupa za kioo hutengwa kwa rangi: nyeupe, kahawia, kijani. Usizitupe Jumapili, kelele zake zitakujulisha kwa mtaa mzima. Na kabla hujatupa chupa ya soda ya plastiki, kumbuka ulilipa senti 25 za amana juu ya bei. Irudishe kwenye mashine ya dukani, iimeze chupa na kukutemea risiti, nawe udai pesa zako. Chupa ya bia huleta senti 8 tu, lakini kreti zima ni mkate.

Ukihamia, jiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Usichelewe.

Kuanzia mwishoni mwa Julai usithubutu kutafuta chumba cha bei nafuu. Wapenzi wa Wagner, mtunzi wa opera, wanamiminika kwa tamasha kwenye jumba la opera alilojijengea kilimani, lililofunguliwa 1876. Ukipata tiketi, jiandae: viti ni vya mbao, na onyesho moja laweza kukumalizia jioni nzima, pamoja na mapumziko ya karibu saa moja moja. Ukikosa tiketi, panda kilima hivyo hivyo. Kabla ya kila sehemu, wapiga tarumbeta hutoka roshani kuwaita watazamaji waingie, na muziki huo haulipiwi hata senti. Naupenda mji huu kwa jambo hilo: raha zake nyingi ziko wazi kwa asiye na kitu, kuanzia kilima hicho hadi bustani ya Hofgarten katikati ya mji.

Ukishikwa na hamu ya nyumbani, nenda Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika iliyoanzishwa 1981 na Ulli Beier. Chuo kikuu cha mji huu hufundisha Kiswahili, na kongamano la Kiswahili limewakutanisha wataalamu hapa miaka mingi. Chunga unachomsema Mjerumani aliye mbele yako kwenye foleni ya kahawa. Huenda amekuelewa hadi methali.

Mwisho, ukiingia chumba cha kungojea daktari, wasalimie wote waliokaa, hata usiowajua. Ukiitwa ndani, waage.