Jamaika ya Atlabara

Mgahawa wa chakula cha kigeni una faida moja kubwa: mteja hajui chakula kinatakiwa kuwaje. Akiletewa kitu cha ajabu hula kimya, hulipa, kisha huenda kusimulia nyumbani. Kijana wa Nakuru aliyefungua mgahawa wa Kijamaika mtaani kwetu Atlabara, Juba, aliitegemea sana faida hiyo. Alipaka ukuta rangi nyeusi, kijani na dhahabu, akatundika picha ya Bob Marley juu ya friji, akamwajiri mama mmoja kutoka Gulu awe mpishi. Kati yao hakuna aliyewahi kukanyaga Kingston, na hilo halikumnyima mtu usingizi.

Kilichomnyima kijana usingizi ni sisi wateja. Chakula cha Jamaika kilivuka bahari pamoja na Waafrika waliotekwa, kikaja kutiwa bizari na Wahindi walioanza kupelekwa huko mwaka 1845 kufanya kazi mashambani. Kikiletwa Juba, kila sahani inakuta ndugu zake wamekaa mezani. Na ndugu hawana haya.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nililetewa wali uliopikwa na maharage kwa tui, nikaambiwa huko Jamaika ndicho chakula cha Jumapili. Nikaonja.

"Mama, tui hili ni la kopo."

"La kopo, ndiyo. Wewe mnazi umeuona wapi hapa?"

Fundi jenereta, Mganda, aliletewa mbuzi wa mchuzi wa bizari na ndizi mbichi za kuchemsha. Akazigeuzageuza kwa uma. "Matoke haya nani kayatelekeza? Hayakufungwa majani, hayakupondwa." Mwalimu mmoja aliyekulia Kakuma akapewa glasi ya kinywaji chekundu chenye tangawizi, ambacho Wajamaika hunywa Krismasi. "Bosi, hii ni karkade. Mama chai wa pale kona ananiuzia kwa robo ya bei hii."

"Ya mama chai haina tangawizi."

"Basi niuzie tangawizi peke yake."

Sahani moja tu ilipita bila kesi. Chakula cha taifa cha Jamaika ni tunda la ackee na samaki wa chumvi. Tunda hilo asili yake ni Afrika Magharibi, na likichumwa kabla halijapasuka lenyewe mtini ni sumu. Kwa kuwa likipikwa hufanana na mayai ya kuvuruga, mama aliweka mayai yenyewe, na samaki mkavu wa Nile. Hatukubisha. Kati ya sumu na mayai, mtaa mzima ulikuwa upande wa mayai.

Tumaini la bosi likabaki kwa kuku wa jerk. Huyo hakuna aliyemdai kuwa wa kwao. Husimuliwa kwamba waliombuni ni Wamaroon, watumwa waliotoroka wakaishi milimani, wakichoma nyama mashimoni ili moshi usiwafichue kwa askari wa Kiingereza. Mama aliloweka kuku kwenye pilipili mbuzi, tangawizi na ndimu, akawapanga juu ya pipa lililokatwa katikati, akachochea kuni mbichi. Waingereza wangemwona wakiwa ng'ambo ya pili ya Nile.

Moshi wa pilipili ukavuka ua wa mabati. Majirani wakaanza kwa kukohoa, wakamalizia kwa kupiga kelele za moto. Vijana wakaruka ua na jerikeni mabegani, na kabla mama hajafumbua mdomo, maji yote yalikuwa yameishia kwenye pipa.

"Tumewaokoa," alisema mmoja, machozi ya pilipili yakimtiririka. Kisha akauliza nani atalipa maji, maana boza lilikuwa limewauzia asubuhi hiyo.

Bosi alishika kichwa. Mama alishika sufuria. Aliwaokota kuku wake, nusu wamebabuka, nusu wamejaa majivu, akawaosha, akakaanga vitunguu na nyanya, akawatumbukiza. Wazima moto wakakaribishwa mezani ili deni lisahaulike. Tukala. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema kwao hupikwa vipi. Kila mtu alikuwa anagombania paja.

Kesho yake ubao uliandikwa: "Kuku wa Kijamaika, Mchuzi Maalumu." Bei ilikuwa imepanda. Mwalimu alipohoji, mama alimjibu kwamba kuku ni yuleyule, ila maji ya jirani nayo yameingia kwenye hesabu.