Namna ya Kumpeleka Mpenzi Mpya Mtoko Ikungi, na Kurudi Naye

Wenzetu wa Dar es Salaam ikifika Jumamosi wanakula bata. Sisi wa Ikungi tunakula kuku. Bata wa Dar ni msemo tu. Mtu anaweza kumla wiki nzima na bado akalala njaa. Kuku wa Ikungi ana miguu miwili, ana bei, na kabla hujamla lazima umkimbize mwenyewe au umpe mtoto hela amkimbize. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kijana (au mzee, sibagui) mwenye marafiki wa zamani na mpenzi mpya, ambaye kwa sababu anazozijua Mungu peke yake ameamua kuwaweka wote meza moja mwisho wa wiki.

Tuanze na usiri. Usijisumbue nao. Ikungi imekuwa wilaya tangu 2012 ilipokatwa kutoka Singida Vijijini, ina mkuu wake wa wilaya na halmashauri yake, lakini mji wenyewe umekaa ubavuni mwa barabara kuu ya Dodoma na Singida kama mtu anayesubiri basi. Kila kinachopita kinaonekana, na kila anayekiona ni shangazi wa mtu. Ukishuka kwenye Noah na mgeni saa nne asubuhi, saa tano mama yako atakupigia simu kuuliza kama umekula. Chakula chako hakimsumbui. Anataka tu ujue kwamba anajua.

Marafiki sasa. Ukiuliza kwingine utashauriwa ualike marafiki wachache, wastaarabu, wenye maneno ya kupima. Ungekuwa nao ungewaalika. Alika hao ulio nao, ila hakikisha yupo mwenye pikipiki, maana kuna kitu lazima kisahaulike: ndimu, chaja, au mmoja wenu. Awepo pia asiyekunywa, ili kesho yake pawe na mtu wa kusema nani alisema nini. Anayekudai usimfiche mtoko huo. Ukimficha atakuja mwenyewe, na atakuja na njaa.

Mpenzi wako siku hiyo hatakuwa na jina. Kabla hajakaa vizuri kwenye kiti ataitwa shemeji. Neno tamu hilo, na ni mtego. Mtu akishaitwa shemeji mbele ya mashahidi wanne hawezi tena kuwa mtu tu uliyekutana naye stendi ya Misuna mkapeana namba. Na shemeji ana wajibu: anaombwa soda, anaulizwa kama kwao kuna mdogo wake, anaombwa aamue ugomvi wa mpira asioujua. Usimwonye mapema. Mwache ajionee, ndiyo faida ya kumtoa.

Wageni wamekuwa wakishangaa mapenzi yetu tangu zamani. Harold Schneider, msomi wa Kimarekani aliyekaa na sisi Wanyaturu mwishoni mwa utawala wa Mwingereza, alitoa kitabu kizima kuhusu uchumi wetu mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka makala yake kuhusu mapenzi ya Wanyaturu. Mimi nausifu mpangilio huo: ng'ombe kwanza, mahaba baadaye. Kosa lake ni kwamba hakutuachia jibu la swali moja muhimu, nalo ni bili analipa nani.

Tutafika huko. Kwanza kuku.

Pale barabarani utawaona vijana wakiwainua kuku hadi dirishani mwa basi, miguu juu kichwa chini, wakitaja bei kwa sauti moja kama kwaya. Kuku hao si wako. Ni wa abiria wa Mwanza, mtu mwenye dakika mbili na asiyeweza kurudi kulalamika. Wewe ingia ndani ya mji kwa mama anayefuga mwenyewe, msalimie, uliza habari za watoto, uliza habari za mvua, halafu jifanye hukuja kununua kuku. Bei inashuka hapo.

Mshike kuku kwa mabawa na umpapase kidari. Kidari chembamba kama kisu maana yake kuku huyo ametembea sana kuliko alivyokula. Puliza manyoya ya mgongoni uone ngozi: ikiwa ya manjano, ana mafuta. Tazama mwiba wa mguuni. Jogoo mwenye mwiba mrefu kama kidole chako ameshaamsha kijiji miaka mingi, mwache aendelee na kazi. Unayemtaka ni pora aliyeanza kuwika vibaya, au tetea ambaye hajataga bado. Ukifanya ukaguzi huu mbele ya mpenzi wako, ufanye taratibu na usiseme neno. Atajiuliza kama yeye naye ulimkagua hivyo. Mwache ajiulize.

Kuku huyo unampeleka kwa mpishi ukiwa umempigia simu tangu asubuhi. Usipompigia, utakutana na nusu saa ya Ikungi. Mhudumu atakuambia, "Nusu saa tu, kaka," na hadanganyi, ila nusu saa yake inaanza kuhesabiwa moto ukishawaka, na haujawashwa. Kuku wa kienyeji si wa kisasa wa kuiva ukimtazama. Anataka saa mbili za kuni, na katika saa hizo mbili, simu ikiwa na asilimia tisa na karanga zimeisha, utamjua mwenzio kuliko miezi mitatu ya meseji. Nimewaona watu waliotumiana mioyo myekundu tangu Krismasi wakagombana juu ya kiti cha kivulini kabla maji hayajachemka.

Lakini kuku akija! Supu ndiyo hutangulia, kwenye bakuli la plastiki, mafuta yakielea juu kama sarafu za njano, ndimu iliyokatwa vipande viwili na pilipili moja iliyowekwa pembeni kama tishio. Kisha nyama yenyewe, imechemshwa na chumvi na kitunguu cha Singida, ikageuzwa kidogo kwenye mafuta ya alizeti, haya mazito yanayokamuliwa hapa hapa, yenye harufu ya mbegu na siyo ya dukani. Ugali utaulizwa: sembe au uwele? Ukitaka heshima, sema uwele. Unakuja wa kijivu, unanata kidogo, na pembeni yake mlenda wenye karanga.

Mlenda ndio mtihani wa mgeni. Unavutika kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni kama maneno ya mshenga, na hakuna njia ya kiungwana ya kuukata. Wenyeji wanazungusha tonge mara moja, uzi unakatika, wanaendelea na hadithi. Mgeni anainua mkono, uzi unamfuata. Anainua zaidi, unamfuata. Mwishoni amesimama nusu na meza nzima imenyamaza. Usimsaidie. Akicheka, oa. Akiomba kijiko, mvumilie mwaka mmoja. Akisema hana njaa, mrudishe kwao na nauli yake. Na nguo nyeupe mbele ya mlenda? Jibu unalo.

Kuhusu kitimoto sina mengi. Mezani akiwepo Mwislamu hakiletwi wala hakitajwi. Kina banda lake na wanaokitaka wanajuana kwa kukonyezana. Kuhusu siasa pia nifupishe: Mahambe, kijiji alikozaliwa wakili Tundu Lissu, kiko wilaya hii hii, naye alikuwa mbunge wa Singida Mashariki tangu 2010 hadi 2019. Matokeo yake kila meza ya Ikungi ina wakili asiyesomea sheria. Ukimwanzisha, kuku atapoa, na pingamizi zitakuwa nyingi kuliko vipande.

Wapo wanaosema mtoko bila maji si mtoko. Hao wapeleke Singida mjini, kilometa kama 40, kuna Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Uende ukijua mambo mawili. Maji ya Singidani ni ya chumvi lakini si bahari, hivyo zile ndoto za kuogelea kama Coco Beach ziache nyumbani. Na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama mianzi, wanakuja wanapotaka. Usimwahidi mtu heroe, hamna mkataba nao. Unachoweza kuahidi kwa uhakika ni upepo. Miaka yote watu wanapanga kuzalisha umeme kwa upepo wa Singida, na wewe unataka kuushinda kwa wigi na mwavuli. Mwezi Juni na Julai upepo huo huwa na baridi ndani yake, na mwenye koti moja atalazimika kulitoa. Huenda ndiyo maana vijana wanaupenda msimu huo.

Msimu wa picha ni mwingine: alizeti zikichanua, kwenye Machi na Aprili hivi, mashamba ya kando ya barabara yanakuwa ya manjano mpaka macho yanauma. Mtasimama. Shemeji ataingia katikati ya shamba, ataegemeza shavu kwenye ua, mmoja wenu ataambiwa apige tena kwa sababu tumbo limeonekana. Kwenye picha ya nane mwenye shamba atatokea. Sijui hutokea wapi. Shamba lilikuwa tupu. "Shikamoo mzee" itoke kabla hajafungua mdomo, itoke kwa wote, halafu muulizeni kama ana mafuta ya kuuza. Mtaondoka na dumu la lita tano mlilolinunua bila kupatana bei, na picha saba nzuri.

Sasa bili. Ikikaribia kuja, utaona maajabu. Mtu aliyekaa tangu saa saba bila kuinuka atakumbuka choo. Mwingine atapokea simu ambayo haikuita. Wa tatu atashika simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani na kusema mtandao unasumbua, wakala naye amefunga. Shemeji anaona yote hayo. Ushauri wangu ni kwamba umlipe mama mpishi kabla hamjaketi, kimya kimya, kisha bili ikija uinuke wewe pia uende chooni pamoja na wenzako. Mtakutana huko wote mkitazamana, na kwa mara ya kwanza wewe peke yako utakuwa na amani.

Nisionekane nafundisha nisichokifanya. Mtoko wangu wa kwanza na mwenzangu ulikuwa hapo hapo Ikungi, meza ya chini ya mwarobaini, kuku mmoja wa 25,000 na marafiki watatu: fundi wa pikipiki, dereva wa Noah, na yule anayenidai. Mwenzangu ni mtu wa Tanga, mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha upande wa Sepuka, humu humu wilayani. Niliwaambia wenzangu kwamba ni wa Tanga. Ya Sepuka sikuyataja, sikuona kama yana uzito.

Basi wenzangu wakamjadili. Hii nayo ni desturi ya hapa: mgeni akiwa mezani, Kiswahili kinahama taratibu na Kinyaturu kinaingia, nyuso zikibaki na tabasamu lile lile la kumkaribisha. Dereva alisema ni mwembamba, lakini anakula kama aliyetumwa. Fundi akauliza hao wa Tanga si ndio wanaopika kila kitu na nazi, nitafia wapi mimi na tumbo langu. Anayenidai akasema kwa utulivu kwamba dada wa watu anaonekana ana akili, kwa hiyo ni wajibu wetu kumwambia habari za deni kabla hajaingia hasara. Walicheka sana. Mimi nilikuwa natazama kuku. Mwenzangu alikuwa anafyonza mfupa wa shingo, ametulia kabisa, uzi wa mlenda ameukata mara moja kama mzaliwa, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Bakuli lilipozunguka likabaki na firigisi. Msomaji anajua firigisi ni ya nani: ya mwenye mtoko, mwanamume aliyelipa. Mikono yote ilirudi nyuma kwa heshima na mimi nikaanza kunyoosha wangu. Hapo mwenzangu akafuta midomo, akamgeukia fundi, na kwa Kinyaturu kilichonyooka akamwomba amsogezee bakuli. Watoto wa darasa la kwanza wa vijijini, kama hukujua, wengi wanafika shuleni hawana Kiswahili cha kutosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu ndiye hujifunza kwanza. Alikuwa na miaka mitatu ya kujifunza.

Akachukua firigisi. Akaitafuna bila haraka, akiwatazama mmoja mmoja. Kisha, kwa lugha ile ile, akamuuliza anayenidai ni shilingi ngapi.

Ilikuwa 45,000. Aliiandika kwenye simu yake, na nilimaliza kuilipa Desemba, kwa mafungu, yeye akisimamia. Harusi ilikuwa mwaka uliofuata. Tunatoka bado, Jumamosi moja kila mwezi, mwarobaini ule ule, na wenzangu siku hizi wakitaka kumsema mtu wanasogea barabarani kwanza. Kuku namchagua mimi mpaka leo. Firigisi sijaionja tangu siku hiyo.