Visu Saba Vinavyodharauliwa, Pamoja na Vijembe Vyake

Wapenzi wa visu tunajuana. Mtu ananunua kisu cha Kijapani cha bei ya mbuzi wawili, anakipiga picha juu ya ubao wa mninga, anakirudisha kwenye boksi lake, kisha kitunguu anakikatia kile cha mpini wa plastiki kilichokuwemo jikoni siku zote. Orodha hii ni ya visu vinavyofanya kazi kuliko vinavyosifiwa. Nahesabu kurudi nyuma. Mwenye ubishi aje na jiwe lake la kunolea.

7. Kisu cha nyanya cha Victorinox

Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na dunia inamkumbuka kwa kile kisu chekundu chenye mkasi, kizibuo na kijiti cha meno. Kampuni hiyohiyo hutengeneza kisu kidogo cha menomeno, bapa la sentimita 11, ncha ya mviringo, kinachopita kwenye nyanya iliyoiva bila kuiminya. Kachumbari yako ikielea majini, usilaumu nyanya. Wajuzi hukikwepa kwa kuwa meno yake hayanoleki kwenye jiwe la kawaida. Kweli. Kikichoka, nunua kingine, na chenji itabaki.

6. Douk-Douk

Kilibuniwa na Gaspard Cognet wa mji wa Thiers, Ufaransa, mwaka 1929, ili kiuzwe visiwa vya Melanesia. Mpini ukachorwa mzimu wa huko ili wateja wavutike. Kikaja kupendwa Aljeria. Huo ndio utafiti wa soko wa zamani. Mpini ni bati lililokunjwa tu, na springi yake haina huruma: wenye kucha ndefu wapite namba inayofuata.

5. Higonokami

Hiki kinatoka mji wa Miki, Japani, tangu miaka ya 1890. Hakina springi wala komeo. Kuna kimkia cha chuma unachokibana kwa kidole gumba ili bapa lisikurudie. Yaani mfumo wa usalama ni wewe mwenyewe. Watoto wa shule walikuwa wakichongea penseli nacho, hadi mwaka 1960 mwanasiasa Inejiro Asanuma alipouawa jukwaani kwa upanga mfupi. Ikafuata kampeni ya kuwaondolea watoto visu, na kisu cha penseli kikalipia kosa la upanga. Jina lake leo limebaki kwa ukoo mmoja wa wahunzi, Nagao. Ajabu ni kwamba wale wasioisha kuisifia Japani hukiruka, maana ni rahisi mno kujivunia.

4. Mora

Frost-Erik Erson alirudi Sweden kutoka Amerika, akafungua kiwanda karibu na mji wa Mora mwaka 1891. Kiwanda cha nini? Cha sleji za kuburutia magogo. Visu vilikuwa vya matumizi ya pale kazini tu. Sleji hakuna anayeziulizia tena.

Kwa sura, Mora hakishindi kitu: mpini wa plastiki, ala ya plastiki, umbo la kifaa kilichosahauliwa na fundi bomba. Ila kila upande wa bapa una mteremko mmoja mpana. Ukiulaza juu ya jiwe, pembe inajileta yenyewe. Hakuna kisu kinachomfundisha mtu kunoa upesi kama hiki. Kile cha chuma cha kaboni hushika kutu haraka ukiwa pwani, kwa hiyo kipake mafuta. Ya nazi yanatosha; usinunue kichupa kidogo cha bei kubwa.

3. Opinel

Najua, utasema Opinel kinajulikana. Kinajulikana kama kisu cha jibini, na hapo ndipo dharau ilipo. Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, mwaka 1890. Bapa, mpini wa mbao, msumari na pete. Mwaka 1955 ikaongezwa pete inayozunguka kulifunga bapa. Baada ya hapo hawakusumbua sana, jambo ambalo kampuni nyingi za visu haziliwezi.

Bapa lake ni jembamba kweli, na wembamba ndio unaokata. Visu vingi vya kukunja vya kisasa vina bapa nene la kupasulia kuni. Ukivipa embe, vinalipasua badala ya kulikata. Kasoro yake ni mbao: hunywa unyevu. Kipeleke Tanga wakati wa masika, mpini utavimba na bapa litagoma kutoka. Watu wa Savoie wana dawa: fungua pete, gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, bapa litachungulia. Gonga meza yako, si ya mwenyeji.

2. Okapi

Okapi wa porini alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1901. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu hiki kwa soko la Afrika. Mnyama yuko misituni Kongo na hajalipwa hata senti. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, kikiwa na miezi na nyota zake mpinini na ile pete mgongoni unayoivuta ili kukifunga.

Tatizo lake ni mdomo. Kikifunguka kinalia kra-kra-kra, na huko Afrika Kusini hata Jamaika mlio huo umekipa sifa ya kisu cha wahuni. Wachungaji na wakulima waliokitumia miaka yote hawakuulizwa. Kikichezacheza, gonga msumari wake taratibu kwa nyundo. Huduma kwa wateja imeisha.

1. Kotama

Umeshangaa? Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, mkono mmoja kwenye shina, na kotama kiunoni. Kule juu hakati: anachonga ngozi nyembamba kabisa ya karara ili utomvu uendelee kuchuruzika kibuyuni. Makali yakiwa butu, yanaponda, na kilichopondwa hakitoi tembo. Kwa hiyo kotama hunolewa kuliko kisu chochote cha kabatini kwako, na hupimwa kila siku bila mizani ya maabara: kibuyu kimejaa au hakikujaa.

Bapa lake ni jembamba, limepinda, limetoka kwa mhunzi wa kijijini. Halina boksi, halina cheti, halina namba ya toleo. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kotama yeye hajawahi kusifiwa, na tembo limeendelea kuja. Siku ukifika Kilifi au Pemba, ulizia kotama kwa mhunzi kabla hujaulizia kitu kingine, na umwache akuchagulie yeye.